Santuri Zenye Sauti Safi

Mtu akiulizwa apendacho katika muziki hutaja jina la mwimbaji au la wimbo. Ni nadra kumsikia akisema kwamba aipenda santuri fulani kwa sababu sauti yake ilinaswa vizuri. Mimi ni mmoja wa hao wachache. Nafundisha katika chuo cha ualimu, sijatimiza miaka arobaini, nami ninazo sahani kadhaa ambazo nimezitenga na nyingine. Sikuzitenga kwa kuwa nyimbo zake zapita nyimbo zote duniani, bali kwa kuwa nikizisikiliza nimefumba macho nakiona chumba. Najua mwimbaji amesimama wapi, na kama ukuta u karibu naye au u mbali. Hiyo ndiyo maana ya sauti safi katika insha hii. Usidhani kwamba nasema habari za sauti kubwa. Honi ya matatu ni kubwa, wala sijamwona mtu aliyeinunua akaiweka sebuleni.

Nianze na ile niliyoisikiliza mara nyingi kuliko zote. Tarehe 19 na 20 Aprili, mwaka 1959, Harry Belafonte aliimba mbele ya hadhara katika jumba la Carnegie Hall, mjini New York, ili kuzichangia fedha shule mbili. Jumba hilo lilifunguliwa mwaka 1891, zama ambazo vipaza sauti vya umeme vilikuwa havijatumiwa katika kumbi. Basi kuta na dari ndizo zilizopewa kazi ya kuichukua sauti na kuifikisha kwenye kiti cha mwisho. Mafundi waliokuja kuinasa sauti ya Belafonte hawakushindana na jumba. Waliliacha liseme. Ukiisikiliza santuri yenyewe, iitwayo Belafonte at Carnegie Hall, utatambua kwamba bendi imekaa nyuma ya mwimbaji, na kwamba watu wako mbele yake, mbali kidogo, gizani. Katika wimbo wa Matilda, unaoendelea kwa zaidi ya dakika kumi, anawataka wasikilizaji wake waitikie makundi kwa makundi. Mara anawaagiza wanawake waliopita umri wa miaka arobaini waitikie peke yao. Hebu fikiri, ni mwanamke gani atakayependa kuutangaza umri wake kwa kuitikia kibwagizo? Kicheko kinaenea ukumbini, nawe huko uliko, Kisumu au Voi, huna budi kucheka pamoja nao, kwa sababu umekwisha kupewa kiti kati yao.

Fundi wa sauti, Robert Simpson, alipata tuzo ya Grammy kwa kazi hiyo. Nasi Wakenya tuna sababu yetu nyingine ya kumkumbuka Belafonte, ambaye alifariki mwaka 2023. Mwaka ule ule wa 1959 yeye, pamoja na mwigizaji Sidney Poitier na mchezaji Jackie Robinson, walitia sahihi barua ya kuomba fedha za nauli ya vijana waliokuwa wakienda kusoma Marekani kwa juhudi za Tom Mboya. Na mwezi wa Septemba ndege ya kwanza iliwachukua vijana 81. Jambo hilo halihusu usafi wa sauti. Nimelitaja kwa sababu nikiisikiliza sahani hiyo siwezi kulisahau.

Santuri ya pili ilinaswa katika mji ule ule na mwaka ule ule, ila si mbele ya watu. Ni Kind of Blue ya Miles Davis, mpiga tarumbeta. Studio ya kampuni ya Columbia iliyokuwa katika barabara ya 30 lilikuwa kanisa hapo zamani, na dari yake ilipanda kiasi cha meta 30. Piga hesabu pamoja nami. Sauti husafiri kiasi cha meta 340 kwa sekunde. Ikitoka katika tarumbeta, ikapanda hadi darini na kurudi, imekwenda meta 60, safari ya karibu sehemu moja ya sita ya sekunde. Muda huo ni mfupi, na sauti irudipo imekwisha kudhoofika. Walakini sikio halidanganyiki. Latambua kwamba mtu huyu hakupiga tarumbeta yake ndani ya kabati. Studio hiyo ilifungwa mwaka 1981, kisha jengo likabomolewa, hata leo chumba kile hakipo tena mahali popote ila ndani ya sahani zilizonaswa humo.

Sahani hii ina kisa ambacho huwafurahisha sana wanachuo wangu. Siku ya kwanza ya kazi, tarehe 2 Machi, mtambo mkuu wa utepe ulikuwa ukienda polepole kidogo kuliko ipasavyo. Utepe ulionasa sauti kwa mwendo wa polepole, ukichezwa kwa mwendo wa kawaida, huipandisha sauti. Kwa hiyo nyimbo tatu za upande wa kwanza zilisikika juu kidogo kuliko zilivyopigwa, na mwanamuziki aliyejaribu kuzifuata kwa ala yake aliona hazipatani. Kosa hilo lilidumu zaidi ya miaka thelathini. Katika miaka ya 1990 ndipo ulipotumiwa utepe wa mtambo wa pili, ambao siku ile ulinasa sambamba kwa mwendo sawa, na nyimbo zikarudishwa mahali pake. Ajabu ni kwamba katika miaka hiyo yote watu waliisifu sahani hiyo kwa uzuri wa sauti yake, nao hawakukosea. Mimi naamini kwamba sikio husamehe kosa la mwendo upesi kuliko linavyosamehe kosa la mahali. Mwimbaji asiye na mahali ni kama picha iliyokatwa kwa makasi na kubandikwa juu ya karatasi tupu.

Huenda waniambia kwamba mambo haya ni ya New York, kwenye majumba makubwa na fedha nyingi. Sivyo. Mwaka 2005 ilitolewa santuri iitwayo In the Heart of the Moon, ya wazee wawili wa Mali: Ali Farka Touré kwa gitaa, na Toumani Diabaté kwa kora, ala yenye nyuzi 21. (Nawaita wazee kwa heshima, Toumani alikuwa hajafika miaka arobaini walipoinasa.) Mitambo ilipelekwa katika Hoteli ya Mandé mjini Bamako, juu ya ukingo wa Mto Niger, nao wakakaa wakapiga bila ya mazoezi, mara tatu, kila mara kwa muda wa saa mbili. Basi. Hakuna ukumbi wa fahari wala hadhara. Kila uzi wa kora una mwanzo wake na mwisho wake, na kati ya uzi na uzi kuna kimya ambacho hakikujazwa kitu. Ali Farka Touré alifariki mwaka 2006, na Toumani Diabaté mwaka 2024.

Kimya hicho ndicho kinachopotea siku hizi. Nyimbo nyingi hubanwa kwa mitambo kabla ya kutolewa: penye sauti ndogo hupandishwa, penye sauti kubwa hushushwa, hata mnong'ono na ukelele vikawa kimo kimoja, ili wimbo usikike katika simu hata ndani ya gari lenye kelele. Sikulaumu, kijana, ukisikiliza kwa simu. Nami hufanya hivyo. Ila nakusihi usiku mmoja, watu wakiwa wamelala, utafute vipokea sauti vya masikioni vilivyo vizuri, uchague moja katika sahani nilizozitaja, wala usifanye kazi nyingine.

Na ya karibu zaidi nimeiweka mwisho. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akinasa muziki wa wenyeji, alifika Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis. Huko watu walikuwa wamesikia sahani za mwimbaji wa Marekani, Jimmie Rodgers, na jina lake likageuka katika ndimi zao kuwa Chemirocha, kiumbe nusu mtu nusu mnyama. Wasichana walimwimba Chemirocha huyo, na Tracey akawanasa. Hakuwa na studio. Alikuwa na desturi ya kuishika mikrofoni mkononi na kuisogeza mwenyewe, karibu na huyu, mbali na yule, kama vile wewe unavyogeuza kichwa ngomani ili umsikie mwimbaji unayempenda. Sauti za wasichana wale ni nyororo, nazo zi karibu nawe kabisa, baada ya miaka zaidi ya sabini. Mwaka 2014 nakala za nyimbo alizozinasa zilirudishwa kwa Wakipsigis wenyewe.

Chuoni kwetu tunawatuma wanachuo, wakati wa likizo, wakazinase nyimbo za wazee kwa simu zao. Wengi hurudi na upepo. Tunasikia pikipiki, mabati yanayolia kwa jua, watoto, kisha mbali kabisa mzee anayeimba kana kwamba yuko kijiji cha pili. Mwalimu mwenzangu, mtu mwenye akili na ubishi mwingi, husema kwamba kuku na watoto ni sehemu ya wimbo, na kwamba mimi nataka kuugeuza ua wa mzee uwe Carnegie Hall. Mimi humjibu kwamba simfukuzi kuku. Nataka tu asikae mbele ya mzee.

Miaka michache iliyopita mwanachuo mmoja kutoka Siaya alikwenda kwa mzee jirani yao, mpiga nyatiti. Alimwomba kwa adabu akae ndani, penye kuta za udongo, si barazani chini ya mabati. Nyatiti ina nyuzi nane, lakini mpigaji huvaa pia pete ya chuma katika kidole kikubwa cha mguu, huigonga ala yake kwa pete hiyo, na njuga zi mguuni. Simu ilipowekwa chini, njuga zilimmeza mzee. Ilipowekwa juu ya kiti, usawa wa kifua, hatua mbili mbele yake, vyote vikakaa mahali pake. Kijana hakuukata mwanzo.

Mzee alifariki mwaka uliofuata. Tulikwenda kutoa rambirambi. Wimbo wake ulikuwa ukichezwa kwa vipaza sauti vya kukodi, kwa nguvu, hata ukakoroma. Mjane wake alimwita yule kijana akamwambia, "Mjukuu wangu, waambie wazime. Niletee simu yako." Akaishika karibu na sikio. Hakuutaka wimbo. Alitaka mwanzo, pale mzee anapokohoa, anaposogeza kigoda, na kumwuliza mkewe kwa sauti ndogo kama maji yamechemka. Aliusikiliza mara nne.

Mwenzangu alipoipata nakala, alinijia mbio. Karibu na mwisho wa wimbo jogoo anawika, naye akasema kwamba leo nimeshindwa. Nilimwambia asikilize tena: jogoo yuko nje, na mzee yuko ndani.