Sauti ya Mono Katika Simu na Haki ya Mtoto Anayesikia kwa Sikio Moja



Sifa njema zote anastahiki Allah, Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu alayhi wa sallam), aali zake na Maswahaba zake. Amma ba'ad.

Ndugu zetu wazazi na wanafunzi, kila tunapokutana huzungumza sana juu ya madhara ya simu kwa watoto wetu, na ni haki tuyazungumze. Leo tunataka kuzungumzia jambo dogo la kheri lililomo ndani ya simu hizo hizo. Watu wengi hupita karibu nalo kila siku bila ya kulifungua, nalo limekuwa sababu ya mtoto mmoja wa madrasa yetu kuipata haki yake katika somo la Qur-aan. Jambo lenyewe linaitwa sauti ya mono.

MONO NA STEREO NI NINI?

Mono maana yake ni sauti inayopita katika mkondo mmoja. Stereo ni sauti yenye mikondo miwili, mmoja wa sikio la kushoto na mmoja wa sikio la kulia, na kila mkondo unaweza kubeba kitu chake. Mhandisi wa Uingereza, Alan Blumlein, ndiye aliyeandikisha haki ya uvumbuzi wa kurekodi kwa njia hii mwaka 1931, na mwishoni mwa miaka ya 1950 santuri za stereo zikaanza kuuzwa madukani.

Wazee wetu hawakuwa na tatizo hili. Kisomo kizima cha Qur-aan cha Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary (Allah amrehemu), kilichotoka Misri mwaka 1961, kiliwafikia watu kwa redio yenye spika moja, na kila aliyekuwepo barazani alisikia kile kile anachosikia mwenzake. Tatizo limekuja na visikizio vya masikioni, ambapo sikio la kushoto hupewa chake na la kulia chake. Mwenye masikio mawili mazima huvikusanya viwili hivyo kichwani mwake bila ya kujua. Ama mwenye sikio moja hupata nusu, na hajui kwamba kuna nusu nyingine.

YALIYOTOKEA HAPA KWETU

Hapa kwetu Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, watoto huja madrasa baada ya Alasiri na siku za mapumziko. Muda hautoshi. Kwa hiyo baada ya Ramadhani ya mwaka 1444 (2023), ndugu mmoja alituletea katika kadi ya memori masomo ya Juzuu Amma yaliyorekodiwa katika madrasa ya mji mwingine. Mwalimu anasoma, watoto wanarudia, wakikosea anawasahihisha, wanarudia tena. Wazazi wakapeana kwa simu, na watoto wakawa wanasikiliza nyumbani.

Miongoni mwao alikuwemo binti wa miaka tisa. Darasani alikuwa akisoma vizuri, na alikuwa akigombania nafasi moja tu katika duara, ile inayomweka mwalimu upande wake wa kulia. Lakini sura alizozisikiliza nyumbani kwa visikizio zilikuwa zinamtoka zimeharibika. Neno "qul", ambalo ni "sema", alilisoma "kul", ambalo kwa Kiarabu ni "kula". Leo analisoma sawa, kesho anarudi kwenye kaf. Kaka zake wakawa wanamcheka, wakisema mwenzao mvivu, anavaa visikizio huku akili iko kwenye mchezo.

Mama yake hakuridhika na maneno hayo. Jioni moja alikaa naye, akachukua visikizio akasikiliza mwenyewe, akaona somo liko sawasawa, mwalimu anasikika na watoto wanasikika. Akamrudishia binti. Bahati njema, mtoto akavivaa kinyume, cha kushoto akakiweka kulia. Akashtuka, akamwuliza: "Mama, huyu mzee anayesoma ametoka wapi? Na wale watoto wamekwenda wapi?"

Wiki nyingi amesikiliza somo lile, na sauti ya mwalimu alikuwa hajapata kuisikia!

Kesho yake yule mama alitujia madrasa. "Maalim," akasema, "mwanangu si mvivu. Kuna kitu katika simu au kuna kitu katika sikio." Tukamwambia: "Dada, tutazame vyote viwili, insha Allah." Sikio likapelekwa hospitali, na simu ikapelekwa kwa kijana wetu mmoja aliyesoma hapa hapa madrasa na sasa ni fundi wa simu.

Hospitali walimpima wakakuta sikio la kushoto halisikii takriban chochote. Mama akakumbuka kwamba miaka miwili nyuma binti aliugua matubwitubwi, akapona, na hakuna aliyedhani kwamba maradhi yale yamemwachia kitu. Madaktari wanajua kwamba matubwitubwi yanaweza kuua usikivu wa sikio moja. Na mtoto hasemi, kwa sababu sikio la pili linamtosha kuitwa na kuitika.

Fundi naye aliifungua rekodi ile kwenye kompyuta, akatuonyesha mistari miwili ya mawimbi. Mstari wa juu ukinyanyuka, wa chini umelala. Wa chini ukinyanyuka, wa juu umelala. Waliorekodi walikuwa na maikrofoni mbili, moja ya mwalimu na moja ya watoto. Ya mwalimu iliingia mkondo wa kushoto na ya watoto mkondo wa kulia, na zikaachwa hivyo hivyo. Basi binti yetu, kwa sikio lake la kulia, alikuwa anasikia watoto peke yao. Alisikia kosa lao, kisha ukimya wenye mnong'ono wa mbali, kisha sahihi yao. Kosa na sahihi vyote vilimfikia kwa sauti moja, bila ya mwenye kumwambia kipi ni kipi.

KWA NINI HAKUNA ALIYEJUA?

Sababu ni kwamba kila aliyeijaribu rekodi ile aliisikia nzima. Simu ikisoma kwa spika yake yenyewe, mikondo miwili hutoka hewani na kuchanganyika kabla ya kufika sikioni, na simu nyingi za bei nafuu zina spika moja tu, hivyo zinaichanganya zenyewe. Anayevaa visikizio akiwa na masikio mazima naye husikia vyote. Aliyepungukiwa ni mmoja, na katika hali moja tu. Tatizo la namna hii halionekani ila kwa mtu anayemwamini mtoto wake na kukaa naye kitako.

NAMNA YA KUTENGENEZA

Ndugu msomaji, ikiwa wewe au mtoto wako anasikia upande mmoja tu, fuata utaratibu huu:

1. Geuza visikizio, cha kushoto kiende kulia. Ikiwa kimya kimehama pamoja na kisikizio, kisikizio ndicho kibovu, au waya wake umekatika ndani karibu na plagi. Ikiwa kimya kimebaki katika sikio lile lile, tatizo ni sikio. Na ikiwa sikio lile lile sasa linasikia maneno mengine, basi rekodi imegawanywa kama ilivyokuwa yetu.

2. Tazama tundu la visikizio. Vumbi na nyuzi za mfukoni hujikusanya humo, na plagi haifiki mwisho. Plagi ikiwa haikuingia sawasawa, mara nyingine upande mmoja hunyamaza, na mara nyingine sauti ya msomaji hudidimia kama anasoma kisimani. Zima simu, safisha taratibu kwa kijiti cha mti kilicho kikavu, usitumie sindano wala chuma.

3. Fungua Mipangilio ya simu, kisha Ufikivu. Simu nyingi za hapa kwetu ziko kwa Kifaransa, kwa hiyo utaona "Accessibilité". Ndani yake tafuta sehemu ya sauti au ya kusikia. Katika iPhone pia imo humo humo kwenye "Accessibilité". Utakuta mizani ya kushoto na kulia. Hakikisha alama iko katikati, kwani watoto huisogeza wakichezea simu, na watu wakadhani visikizio vimekufa.

4. Karibu na mizani hiyo utaona "Audio mono", yaani sauti ya mono. Iwashe. Simu itachanganya mikondo yote miwili na kuipeleka kila sikio. Mwenye sikio moja sasa anapata somo zima.

5. Ikiwa umewasha mono na sauti ya msomaji ikafifia au kupotea kabisa, usishangae. Kuna rekodi ambazo mkondo mmoja umepinduliwa, wimbi la huku linapopanda la huku linashuka, na zikichanganywa zinauana. Hapo zima mono, na utafute nakala nyingine ya somo hilo.

6. Wanaotumia visikizio vya Bluetooth wajue kwamba maikrofoni yake ikifunguliwa, kama katika darasa la kupigiana simu, mara nyingi sauti hugeuka kuwa mono ya kiwango cha chini. Simu haikuharibika. Ukimaliza mazungumzo sauti hurudi ilivyokuwa.

Ama mwenye masikio mawili ambaye anaona sauti ya simu yake imekuwa bapa, haina kulia wala kushoto, naye atazame hapo hapo. Huenda mono imewashwa kwa bahati mbaya. Aizime.

NENO KWA WANAOREKODI DARSA

Ndugu zetu mnaorekodi darsa, hotuba na visomo, Allah akulipeni kheri. Tunakuombeni jambo moja: kabla ya kusambaza, geuzeni rekodi iwe mono. Programu za kurekodi katika kompyuta huwa na amri ya kufanya hivyo, na haichukui muda. Sauti ya mtu anayefundisha haihitaji kulia na kushoto. Tena kuna faida ya mfukoni: rekodi isiyobanwa ya kiwango cha CD huchukua kiasi cha megabaiti 10 kwa dakika ikiwa stereo, na kiasi cha 5 ikiwa mono. Mwanafunzi anayenunua intaneti kidogo kidogo atakuombeeni dua.

SIKIO NI AMANA

Katika Suratul-Israa, aya ya 36, tumefundishwa kwamba usikivu, macho na moyo vyote vitaulizwa. Tumezoea kuifahamu aya hii kuwa ni onyo la kutosikiliza ya haramu, na ndivyo. Lakini sikio la mtoto ni amana ya mzazi na ya mwalimu pia, na amana hulindwa.

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtoto asisikilize kwa sauti inayozidi desibeli 75 kwa saa 40 za wiki, na mtu mzima desibeli 80 kwa saa hizo hizo. Kila desibeli 3 zikizidi, muda unapungua nusu. Mtoto mwenye sikio moja yuko katika hatari zaidi, kwa sababu asiposikia huongeza sauti, na analoliumiza ni lile lile alilobakishiwa. Mono inamwezesha kupata somo zima bila ya kupandisha sauti.

Na tusimhukumu mtoto kabla ya kumpima. Mtoto anayegeuza kichwa upande mmoja akiitwa, anayeweka simu daima katika sikio moja, asiyejua sauti inatoka wapi, au anayetaka nafasi ile ile darasani kila siku, huyo apelekwe hospitali. Pengine ni nta tu, au usaha wa sikio unaotibika. Suratul-Hujuraat imetukataza dhana mbaya kwa watu, na watoto nao ni watu.

Tukumbuke pia kisa cha Sahaba kipofu, Abdullah bin Ummi Maktum (Radhiya Allahu anhu). Alikuja kutaka elimu wakati Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) ameshughulika na wakuu wa Kikureshi, na kwa sababu yake zikateremka aya za mwanzo za Suratu Abasa. Kipofu yule baadaye akawa mwadhini wa Mtume pamoja na Bilal (Radhiya Allahu anhu). Mafunzo ni kwamba mwenye kasoro ya kiungo aliyekuja kutafuta elimu ana haki ya kugeukiwa uso. Zama zetu, kumgeukia huko wakati mwingine ni kufungua Mipangilio na kubonyeza kitufe kimoja.

Tunawaomba wazazi wawajaribu watoto wao usiku wa leo, sikio la kulia kisha la kushoto, kabla ya kulala. Ni kazi ya dakika mbili.

Tunamuomba Allah awahifadhie watoto wetu masikio yao, macho yao na nyoyo zao, awape ponyo wagonjwa wetu, na aifanye Qur-aan kuwa nuru ya vifua vyao. Aamiin.

Wabillahi tawfiiq.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.