Mtoto Wenu ni wa Ngapi?

Kila mwaka, siku za kwanza za mwezi wa saba, twaona jambo lile lile hapa Kolwezi. Wazazi wanakusanyika uwanjani mwa shule. Mama amevaa kitenge chake kizuri, baba ameomba ruhusa kazini. Prefe wa shule anasimama na karatasi mkononi, anaanza kusoma majina: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Watu wanapiga vigelegele, wanamwagia mtoto poda nyeupe kichwani. Kisha majina yanashuka, na makofi yanapungua, mpaka wale wa mwisho wanatajwa kimya kimya. Na njiani, tukirudi nyumbani, watu wote wanaulizana neno moja tu: “Mtoto wenu ni wa ngapi?”

Sisi tunaoandika haya tumefundisha hesabu miaka mingi katika sekondari ya mji huu, na mara nyingi ni sisi tuliopanga majina hayo kabla hayajasomwa. Leo tunataka kusema tulilojifunza juu ya nafasi ya darasani, ingawa sehemu yake inatutia haya.

Kwanza, chukueni buletini ya mtoto wenu, mtazame chini, baada ya pointi za masomo yote. Kwa kawaida mtakuta mistari minne. Mmoja unaonyesha asilimia aliyopata. Wa pili unaonyesha nafasi yake pamoja na hesabu ya wanafunzi wa darasa. Wa tatu unasema juu ya bidii yake, na wa nne juu ya mwenendo wake. Mistari minne, lakini wazazi wengi husoma nusu ya mstari wa pili tu. Wanaona “wa 5”, wanafurahi au wanakasirika, basi wanafunga karatasi. Kama ni wa tano kati ya 20 au wa tano kati ya 80, hawatazami.

Je, nafasi haina faida? Tusiseme hivyo. Mtoto anayeshika nafasi ya mbele kwa miaka miwili hakuipata kwa bahati ya siku moja. Alikuwa anafanya kazi zake kila wiki, wakati wa mvua na wakati wa jua. Mtihani wa Serikali ni wa siku chache, na mtoto hodari aweza kuamka asubuhi ile ana homa ya malaria. Kwa sababu hiyo vyuo vikuu, pamoja na diploma, huomba pia buletini za miaka ya mwisho. Hata huko Marekani, waliochunguza jambo hili wameona kwamba pointi za miaka ya sekondari huonyesha vizuri ni nani atakayedumu chuoni, mara nyingi kuliko mtihani mmoja. Kwa hiyo nafasi ni shahidi mwema. Shida yaja tunapomgeuza shahidi kuwa hakimu.

Wazee wetu wanajua sana habari ya kuchaguliwa. Mpango wa shule wa mwaka 1948 uliwagawa watoto wakiwa bado wadogo kabisa. Baada ya miaka miwili ya kwanza ya shule, wengi waliwekwa katika daraja la kawaida, na wachache katika daraja la waliochaguliwa. Hao wachache ndio waliotayarishwa kuingia sekondari. Chuo Kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954, na kile cha Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1956. Lakini uhuru ulipofika mwaka 1960, Wakongo wenye shahada ya chuo kikuu walikuwa wachache mno kwa nchi kubwa kama hii. Mlango ulikuwa mwembamba, na wazazi wakajifunza kuogopa nafasi ya pili. Tangu mwaka 1967 watoto wa nchi nzima hufanya mtihani mmoja wa Serikali, na anayefikisha asilimia 50 hupata diploma. Mlango ulipanuka. Lakini woga ule haukutoka mioyoni mwetu.

Sasa tuje kwenye habari yetu wenyewe.

Mwaka mmoja kampuni fulani ilitangaza kwamba italipa masomo ya uhandisi ya mwanafunzi mmoja wa shule yetu: yule atakayekuwa wa kwanza katika mwaka wa mwisho. Walikuwapo vijana wawili waliopita wenzao wote. Walikaa benchi moja na kuazimana vitabu. Sisi tulijumlisha pointi usiku, umeme umekatika, kwa mwanga wa mshumaa. Wa kwanza alipata 1,142 kati ya 1,600. Wa pili alipata 1,138. Tofauti ni pointi 4. Yule wa kwanza akamwagiwa poda, akapewa msaada, akaenda Lubumbashi.

Mwezi wa tisa tulifungua daftari zile tena, kutafuta jambo jingine. Hapo tukaona kosa. Katika kemia, yule kijana wa pili alikuwa amepata 43, nasi tulikuwa tumeandika 34. Pointi 9! Jumla yake ya kweli ilikuwa 1,147. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza.

Siku ile hatukuweza kula. Tukawaandikia wale wa kampuni na kuwaeleza yote. Lakini msaada ulikuwa wa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa amekwisha kuanza masomo, wangemnyang’anyaje? Basi tukaenda nyumbani kwa baba wa kijana. Kijana mwenyewe hakuwapo. Alikuwa amekwenda kwenye mashimo ya wachimbaji, kubeba magunia ya kobalti.

Tukasema, “Baba, tumekuja kuomba msamaha,” tukamweleza. Akanyamaza kitambo kirefu. Kisha akasema, “Mwalimu, kukosea hesabu ni jambo la kila mtu. Lakini mnijibu neno moja. Kama mngehesabu vizuri, yule rafiki yake ndiye angekuwa anabeba magunia leo. Hiyo ingekuwa haki?”

Hatukuwa na jibu. Tulikuja kuungama kosa la kalamu, na mzee yule akatuonyesha kosa lililo kubwa zaidi. Vijana wawili wametengana kwa pointi 4 au 5 katika 1,600, na mmoja anapewa yote, mwingine hapewi kitu. Hata kama jumla ni sahihi, hukumu ya namna hiyo si sahihi.

Yafaa tueleze vizuri hapa, kwa maana wengi hawaoni jambo hili. Nafasi haionyeshi umbali. Watu watatu wanatembea katika njia ya Likasi. Wawili wanakwenda karibu bega kwa bega, wa tatu yuko nyuma sana, hata haonekani. Ukiulizwa, utasema: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ni kweli, lakini hukusema kitu juu ya njia iliyo kati yao. Katika darasa lile, kati ya wa kwanza na wa pili palikuwa na pointi chache zinazohesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Kati ya wa pili na wa tatu zilikuwa zaidi ya 100. Katika orodha iliyosomwa uwanjani, hatua hizo mbili zilikuwa sawasawa.

Tena nafasi, ikitajwa peke yake, haisemi ni darasa gani. Mtoto mmoja ni wa 12 katika shule yenye maabara, vitabu na waalimu wanaolipwa kwa wakati. Mwingine ni wa kwanza katika shule ambamo watoto wanne wanabanana benchi moja. Tangu mwaka 2019 shule za msingi za Serikali hazilipishwi, nasi tunashukuru, maana watoto wengi waliokuwa wakikaa nyumbani wameingia. Lakini madarasa yamejaa sana, na watoto hao wanapanda kuja sekondari. Ni nani hodari kati ya wale wawili? Ukitazama nafasi tu, utasema wa kwanza. Ukitazama asilimia tu, labda utasema wa 12. Hapana budi kutazama vyote viwili, na kuuliza tena: mtoto huyu alipewa nini, naye alikifanyia nini?

Kuna nchi zilizotumia nafasi kwa akili. Katika jimbo la Texas, huko Marekani, sheria ya mwaka 1997 ilisema kwamba kila mwanafunzi aliye katika sehemu ya kumi ya juu ya darasa lake ataingia katika vyuo vikuu vya jimbo, shule yake iwe ya matajiri au ya maskini. Shule ambazo zamani hazikupeleka mtoto hata mmoja katika vyuo vile vikubwa zikaanza kupeleka. Baadaye chuo cha Austin kilikuwa karibu kujaa kwa njia hiyo tu, na mwaka 2009 sheria ikawekewa mpaka. Angalieni basi tofauti. Wao hawakumchukua mmoja tu. Walimpima mtoto kwa wenzake wa shule yake, wakachukua kumi kwa mia. Hapo pointi 4 haziwezi kumpandisha mmoja mlimani na kumtupa mwenzake shimoni.

Na majirani zetu wa Tanzania, mwezi wa kwanza wa mwaka 2023, Baraza lao la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora wa nchi. Matokeo yanatangazwa bado, lakini bila mashindano yale ya majina.

Basi, tufanye nini sisi wa Lualaba?

Ninyi wazazi, someni mistari yote minne ya buletini. Wala msimwendee mwalimu usiku na bahasha ili ampandishe mtoto wenu. Nafasi iliyonunuliwa haimsaidii mtu mbele ya mtihani wa kuingilia chuoni, maana huko huulizwa unajua nini, haulizwi ulikuwa wa ngapi. Tena mmemnyang’anya mtoto wa mwingine.

Ninyi waalimu wenzetu, kila jumla ihesabiwe na watu wawili, tena mchana. Kosa letu tungeliona kwa muda wa dakika tano.

Ninyi mnaotoa misaada ya masomo, msitafute mmoja tu. Iteni watano au sita wa mbele kutoka kila shule, waulizeni, wapeni mtihani mfupi. Sheria ya madini ya mwaka 2018 inadai kampuni zitenge asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya watu wanaokaa karibu na machimbo. Wazazi wanaoitwa katika mikutano ya mambo hayo wasinyamaze. Waseme pia habari ya watoto walio wa pili na wa tatu.

Nanyi vijana mlio wa kwanza, kumbukeni kwamba kutangulia si kufika. Chuoni mtawakuta wa kwanza wa shule mia, na mmoja wao atakuwa wa mwisho. Aliyesoma ili ajue atavumilia siku hiyo. Aliyesoma ili apite wenzake tu atavunjika moyo.

Mtauliza mwisho wa vijana wale wawili. Yule aliyepewa msaada alimaliza uhandisi vizuri. Hakupewa bure, alistahili. Yule mwingine alibeba magunia miaka miwili, kisha mjomba wake akamlipia masomo ya ualimu. Leo anafundisha kemia. Akikutana nasi hutuamkia kwa heshima, wala hajatutajia habari ile hata mara moja. Lakini sisi hatuisahau.

Tangu siku ile, tukiombwa barua ya kumshuhudia mwanafunzi, hatuandiki “wa pili” tu. Twaandika: wa pili kati ya 62, kwa pointi 4.