Kete Iliyoguswa

Wasomaji wetu watastaajabu kutusikia tukizungumza habari za sataranji. Wanavyuoni wamehitilafiana juu yake. Wengi wameiharimisha, na katika madhehebu ya Imamu Shafii ni makuruhu, maadamu hapana kamari wala Sala haipitwi. Basi hatukwenda mashindanoni kuusifu mchezo. Tulikwenda kwa kuwa mmoja wa wachezaji ni kijana wetu wa chuoni, na mwenziwe ni karani wa duka. Wote wawili si mabingwa.

Kijana alikuwa mbele kwa farasi mmoja. Akaishika ngome yake ya safu ya nyuma, mara akaona kuwa ikiondoka pale shaha wake hana mlinzi. Akaiachia. Ama sheria ya FIDE, shirika la mchezo huo lililoundwa Paris mwaka 1924, yasema kete iliyoguswa kwa kusudi la kuchezwa sharti ichezwe. Lakini karani alikuwa ameinamia karatasi akiandika hatua yake, na mwamuzi yu meza ya mbali. Hapana aliyeona illa sisi.

Saa yake ikawa inakwenda. Hakututazama. Kisha akaishika ngome ile ile, akaisogeza.

Karani alifikiri kitambo, akidhani ni mtego. Halafu akamshusha malkia: shaha amekufa.

“Mbona umeitoa?” akauliza.

“Nilikwisha kuigusa,” akajibu kijana, akampa mkono.

Njiani hakutaja mchezo. Alituuliza tu kama Alasiri imekwisha kuadhiniwa.