Mbio za Theluji na Mtu wa Mwisho

Katika nchi za baridi kali watu hushindana kwenda mbali juu ya theluji. Kila mtu hufunga miguuni mbao mbili ndefu, nyembamba, zilizopakwa nta, na mikononi hushika fimbo mbili za kujisukumia. Tusidhani ni mchezo wa kuteremka tu. Njia hupanda vilima na kushuka, na mtu hutumia mikono, miguu na pumzi pamoja. Mbio ndefu za wanaume ni za kilomita 50. Kwa desturi ya zamani hawaondoki pamoja: huyu huondoka, na baada ya nusu dakika mwingine humfuata, na saa ndiyo iamuayo. Kwa hiyo mtu aweza kushindwa na mwenzake asiyemwona.

Mwaka 1998, katika michezo ya Olimpiki ya Nagano, Japani, alikuwako bingwa wa Norwe, Bjørn Dæhlie. Alikuwako pia Philip Boit wa Kenya, mkimbiaji aliyepelekwa Ufini mwaka 1996 kujifunza mchezo huu, ndipo alipoiona theluji mara ya kwanza. Tarehe 12 Februari walishindana kilomita 10. Dæhlie alishinda kwa dakika 27. Boit alitumia dakika 47, akawa wa 92, wa mwisho wa wote waliomaliza. Nishani zilikuwa tayari kutolewa, lakini Dæhlie hakukubali kuondoka. Alimngoja pale mwishoni, akamkumbatia. Baadaye Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie.

Wengine watasema ile ilikuwa huruma tu. Sisi hatuoni hivyo. Siku 10 baadaye Dæhlie alishindana zile kilomita 50. Alikwenda kwa saa 2 na dakika 5, akamshinda Niklas Jonsson wa Uswidi kwa sekunde 8 tu. Naye alipovuka mstari alianguka juu ya theluji, nguvu zimemwishia. Hiyo ilikuwa nishani yake ya nane ya dhahabu. Ajuaye gharama ya njia hawezi kumdharau aliyeimaliza. Acheki ila yule aliyekaa kando ya njia, amejifunika blanketi.

Twasema haya kwa kuwa sisi walimu husoma majina ya watoto baada ya mtihani, na tukifika mwisho sauti yetu hupungua. Wazazi nao huuliza, "Umekuwa wa ngapi?" wala hawaulizi mtoto alianzia wapi. Yule ambaye kwao hamna kitabu hata kimoja, na yule ambaye baba yake husoma gazeti kila jioni, hufanya mtihani mmoja, lakini hawakutoka mahali pamoja.

Hatusemi wa mwisho apewe zawadi ya wa kwanza. Dæhlie hakumpa Boit nishani yake, alimngoja tu. Naye Boit hakukata tamaa, bali alirudi tena katika Olimpiki za 2002 na 2006.

Basi, majina yakisomwa, na tungoje hata la mwisho, tulisome kwa sauti ile ile.