Vipande vya Gari Ng'ambo ya Makupa

Avukaye daraja la Makupa kutoka kisiwani Mombasa na kushika njia ya Changamwe hukutana na mizani kabla hajafika gereji. Ni mizani ya vyuma vikuukuu. Sufuria iliyotoboka, kitanda kilichovunjika na mlango wa gari la kale, vyote hupimwa kwa kilo na kulipwa kwa kilo.

Tulikwenda huko na mjane mmoja, jirani yetu, pamoja na mwanawe. Marehemu mumewe alikuwa fundi wa bodi za magari, na nyuma ya nyumba aliacha rundo la vipande ambalo mnunuzi alikuwa tayari kulibeba siku ile ile kwa bei ya chakavu. Karo ilikuwa ikidaiwa, na haraka ya mama huyo tuliielewa. Tulimsihi tu apitie kwanza kwa mzee mmoja wa gereji mwenye ujuzi wa vitu hivi.

Mzee alianza na sumaku. Aliibandika katikati ya mlango, ikaanguka. Akaibandika ukingoni, ikashika.

"Huu wa Land Rover, mwanangu," akamwambia mama.

Gari hilo lilitolewa mara ya kwanza mwaka 1948, wakati chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, ndipo mabati yake yakafanywa ya alumini, na fremu ya mlango ikabaki chuma. Huku kwetu pwani hapo ndipo penye maradhi yake: madini hayo mawili yanapogusana, hewa ya chumvi huila alumini ikaacha unga mweupe. Asiyejua hudhani ni chokaa ya ukutani. Mzee alimwonyesha mama unga huo waziwazi, japo ulishusha thamani, nasi tukampenda kwa hilo.

Kisha akaupitisha mkono ubavuni, polepole, kama mwanamke anayekagua kitambaa dukani. Chini ya dirisha palikuwa na uvimbe mdogo. Uvimbe huo ulikuja na toleo la 1958. Magari yaliyotangulia ubavu wake umenyooka wima. Bati la mbele ya rejeta halikumpa taabu, kwa kuwa lilikuwa na matundu mawili makubwa ya taa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 taa zilihamishiwa kwenye madigadi, basi bati hilo ni la kabla ya hapo.

Palikuwa pia na madigadi ya Volkswagen ile ndogo ya mgongo wa mviringo. Madigadi zake hufungwa kwa boliti, ndiyo maana hufunguliwa zikaishi baada ya gari lenyewe kufa. Na kipande cha paa lake kilibakiza tundu la kioo cha nyuma, la umbo la yai: kioo cha namna hiyo kilitumika kuanzia 1953 hadi 1957 tu. Kabla yake kilikuwa vipande viwili, na baada yake kikawa cha pembe nne.

Mlango peke yake ulipata mnunuzi kwa bei iliyopita ile ya rundo zima. Bati na madigadi vilibaki gerejini vikingoja wenye magari yake.

Kilisalia kifuniko kimoja chenye bawaba ya shaba ambacho mzee hakukitambua. Alikifuta vumbi, akakitundika ukutani, akamwambia kijana aje akitazame kila Jumamosi mpaka atokee wa kukitaja.