Albamu ya Watoto Waliocheza Mbele ya Bwana



Wapendwa, mfalme Daudi alicheza mbele ya Sanduku la Bwana kwa nguvu zake zote, hata mkewe Mikali akamdharau (2 Sam 6:14-16). Mwili nao husali.

Sisi tuliolelewa katika Utoto Mtakatifu, shirika lililoanzishwa nchini Ufaransa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson, twalijua hilo tangu udogoni. Jumamosi alasiri mlezi alitupanga kwa kimo, akatufundisha kucheza katika maandamano ya vipaji: hatua mbili mbele, moja nyuma, mikono juu. Aliyekosea alisubiriwa, kisha wote tukaanza upya.

Leo twabandika picha zile katika albamu na kuandika majina kabla hayajatutoka. Katika picha moja yumo aliyelala katika Bwana, yumo aliyeingia utawani, yumo asiyekanyaga tena kanisani. Wote wameinua mikono pamoja.

Wafu tuwaombee. Na huyo aliye mbali, wiki hii tumpelekee nakala ya picha hiyo, bila lawama, tukimwambia kwamba nafasi yake ingalipo.

Mungu awabariki.