Karatasi Zako Ziko Wapi?

Ndugu msomaji, nikuulize: hati ya kiwanja chenu iko wapi leo?

Yetu ilikuwa kwa mama, Mulongwe. Mto ulipofurika katikati ya Aprili 2020, iligeuka matope. Bahati, nilikuwa na nakala yake ndani ya kompyuta yangu, hapa Kavimvira.

Halafu siku moja kompyuta ikakataa kuwaka. Fundi akaniuliza: «Niweke Windows mpya?» Nikajibu tu: «Weka.» Iliporudi ilikuwa nyepesi, lakini tupu. Nilikosa hata usingizi. Nitamwambia mama nini?

Kijana mmoja wa kwaya akafungua diski C, akanionyesha folda inayoitwa Windows.old. Kumbe fundi hakufuta diski! Tuliingia ndani, kwenye Users, na hati ikaonekana. Tukainakili upesi, maana folda ile haidumu: kompyuta yenyewe huifuta baadaye. Picha za marehemu baba sikuzipata. Nilikuwa nimezihamishia kwenye flashi moja tu, na flashi ile ilipotea.

Basi wewe, usingoje kulia kama mimi. Panga folda tatu: Karatasi, Picha, Shule. Kila faili ipe jina na mwaka. Tunza nakala mbili, moja isilale nyumba moja na kompyuta. Na kabla fundi hajagusa kitu, mwulize: «Utafuta nini?»

Maji hayapigi hodi. Fanya leo, umeme ukirudi.